Kitunguu swaumu kikubwa si lazima kiwe kikali

Wakuu, hii ni kwa wanaouza kitunguu swaumu mtandaoni, kiwe kibichi, unga au cha kwenye asali. Malalamiko yanayojaa sana inboksi ni haya: "Mbona mzigo wa safari hii hauna ukali kama ule wa kwanza?" Mteja anahisi umechanganya na kitu. Mara nyingine jibu liko shambani, kwenye bomba la kupulizia.

Twende taratibu. Punje nzima hainuki sana. Ndani yake kuna aliini, na pembeni, imetengwa, kuna kimeng'enya chake. Ukiponda vinakutana, na ndani ya sekunde chache inazaliwa alisini. Hiyo ndiyo inayonuka na kuwasha, na ndiyo wanaoitafuta kwa dawa wanaitaka. Cavallito na Bailey waliitenga kule Marekani mwaka 1944. Kwa hiyo cha kutafuta shambani ni aliini nyingi, na aliini haitengenezwi bila salfa.

Sasa sikia. Aliini inatengenezwa pia kwenye majani, halafu inashuka chini kwenye kitunguu. Ndiyo maana mnachopulizia majani kina maana. Busta yenye salfa, ikipigwa majani yakiwa bado ya kijani na kitunguu kinaanza kujaa, inaweza kuongeza ukali, hasa kama udongo una upungufu. Kama salfa ipo ya kutosha, usitegemee muujiza. Tatizo busta zinazopendwa ni za naitrojeni, maana jani linakolea haraka na mkulima anafurahi. Ikizidi, hasa mwishoni, mmea unaendelea kukuza majani badala ya kukomaa. Shingo inabaki nene, kitunguu hakikauki vizuri, kinaoza stoo. Kwenye picha kinapendeza balaa!

Kuna vitunguu maji vya Vidalia, jimbo la Georgia huko Marekani, vinasifika kwa utamu kwa sababu udongo wa kule una salfa kidogo. Wao wanauza utamu. Wewe unauza ukali, ukimpigia mkulima simu usiulize ukubwa tu.

Huku kwetu Rungwe kuna la ziada, mvua. Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Jani la kitunguu swaumu ni jembamba, limesimama na lina nta, tone linateleza. Bila gundi ya dawa, na ikanyesha jioni ile ile, hela imeenda mtoni. Kwa hiyo mtu akikuambia "nilipiga busta mara tatu", muulize pia mvua ilinyesha lini. Kwa maoni yangu, aliyeweka SA chini mapema (naitrojeni asilimia 21, salfa asilimia 24) anaweza kukupa mzigo mzuri kuliko mwenye chupa ya bei. Urea haina salfa kabisa.

Swali jingine usiliache: alipulizia dawa ya wadudu au ukungu lini mara ya mwisho? Lebo ya chupa inaandika siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Wateja wako wanatafuna kibichi, hili si la mzaha.

Mzigo ukifika, chukua punje moja kila gunia, ponda, acha dakika 10, nusa na uonje kidogo. Si kipimo cha maabara ila inakutenganishia magunia. Kwa wanaosaga unga: moto mkali unaua kile kimeng'enya, hata shamba liwe zuri vipi. Kata vipande vyembamba, kausha kwa joto la wastani. Unga mzuri ukiuweka maji ya vuguvugu harufu inapanda. Maji yanayochemka yanaharibu, mwambie mteja.

Na kwenye posti usiandike kinatibu presha au kisukari. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama wafarini, mwambie aongee na daktari kwanza, kwani kitunguu swaumu kinaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu.

Mimi kwenye pakiti naandika kijiji, mwezi wa kuvuna na tarehe ya kusaga. Gunia ambalo pua imelikataa naliuza kama la kupikia, bei ya chini, na naandika hivyo hivyo.