SOMO: Tunapotembelea Kiwanda cha Mvinyo wa Ndizi, Tutazame Nini?



Katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo swali hili halikosi kuulizwa: ndizi tunazo, na kutengeneza pombe tulifundishwa na wazee wetu, kwa nini basi chama kisijenge kiwanda? Swali ni jema, ila lisijibiwe kwa tamaa. Yafaa wajumbe wa chama wakatembelee kwanza kiwanda kinachofanya kazi hiyo, wakijua la kutazama, kabla fedha za wanachama hazijatoka.

Mfano upo hapa nchini. Kampuni ya Banana Investments ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1993, ilijipatia jina kwa mvinyo wa ndizi uitwao Raha. Malighafi yake kuu ni ile ile iliyomo mashambani mwetu. Tofauti iko wapi?

Nyumbani ndizi huivishwa shimoni, humenywa na kukamuliwa kwa majani. Kisha huongezwa maji na mtama uliokaangwa na kusagwa. Hamira ya asili hugeuza sukari kuwa kileo, na baada ya siku moja au mbili pombe huwa tayari. Walakini vijidudu vingine huendelea kufanya kazi, na siku chache baadaye pombe huwa siki. Katika miaka ya 1860 mtaalamu Louis Pasteur wa Ufaransa alionyesha kwamba mvinyo ukipashwa moto pasipo kuchemka, vijidudu hivyo hufa nao hudumu. Basi tunachokwenda kujifunza kiwandani si kupika pombe, bali kuizuia isiharibike.

Wajumbe waulize mambo haya:

1. Ndizi hununuliwa kwa mkungu au kwa kilo? Mikungu hailingani, mizani ndiyo haki ya muuzaji na mnunuzi.

2. Ndizi zikipungua itakuwaje? Mnyauko wa migomba, ulioingia Kagera katika miaka ya 2000, hushambulia sana ndizi za pombe. Mkulima hana budi kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda, wala si kwa kisu, na kung'oa mgomba ulioambukizwa.

3. Maji safi na chupa hutoka wapi, na kwa gharama gani?

4. Leseni, alama ya ubora ya TBS na ushuru wa TRA hugharimu kiasi gani? Gongo haimo katika somo hili, sheria inaikataza.

5. Katika kila chupa mia, ngapi huharibika?

Swali la tano ndilo kubwa. Tuseme, kwa mfano tu, chama kimetumia shilingi 150,000 kwa ndizi, mtama, kuni, vibarua na chupa, kikapata chupa 200. Kila chupa imegharimu shilingi 750. Ikiuzwa shilingi 900, katibu ataandika faida ya shilingi 150 kwa chupa. Lakini chupa 50 zikiharibika, gharama yote hubebwa na zile 150 zilizobaki: shilingi 1,000 kila moja. Mauzo yatakuwa shilingi 135,000, na chama kimepoteza shilingi 15,000 huku wanachama wakishangilia kwamba pombe yote imenunuliwa. Kwa hiyo daftari la chupa zilizoharibika lifunguliwe siku ile ile linapofunguliwa daftari la mauzo. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Wajumbe wakirudi, watoe taarifa ya maandishi yenye majibu hayo matano. Isomwe katika mkutano mkuu, nao wanachama waamue. Endapo mkopo utahitajika, kamati ihakikishe kwamba masharti ya chama yanauruhusu mradi huo, na kwamba mkopo haupiti ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis.

Zoezi: Katibu arudie hesabu ya hapo juu mbele ya wanachama, safari hii chupa 20 zikiwa zimeharibika. Je, chama kimepata faida au hasara, na ya shilingi ngapi?