Kazi ya Mate

Weka tonge dogo la ugali mdomoni, bila mboga. Usilimeze upesi. Litafune polepole mpaka lilainike kabisa. Utaonja utamu kidogo. Je, utamu huo umetoka wapi? Hukutia sukari. Ni mate yako yanayogeuza wanga wa ugali kuwa sukari. Kumbe kazi ya kuyeyusha chakula huanza mdomoni, si tumboni!

Mate hutoka katika tezi zilizo chini ya ulimi, chini ya taya na mbele ya masikio. Huosha meno na kupunguza uchachu unaoyatoboa. Lakini ukilala, mate hupungua sana. Mabaki ya chakula hukaa menoni usiku kucha. Basi piga mswaki kabla ya kulala, hata kama ulipiga asubuhi. Mswaki wa mti wafaa pia. Mtoto naye asilale na chupa ya chai ya sukari mdomoni.