Jino la Mtoto: Lipi la Haraka, Lipi Lingojewe?

Wazazi wa Kasongo na Kabambare, mara nyingi munaleta mtoto kwenye dispanseri mukisema: «Munganga, ng'oa jino hili.» Sikilizeni kwanza.

Meno ya utoto huanza kuanguka karibu na miaka 6. Kila moja hulinda nafasi ya jino la ukubwa. Likitolewa mapema bila sababu, majirani yake hulalia pengo, na jino jipya huota upande.

Meno yaliyopindana hunyooshwa kwa waya uliobandikwa juu yake, au kwa kifaa kinachovuliwa. Ni kazi ya munganga bingwa wa mji mkubwa, kama Kinshasa. Waya hukazwa kila baada ya majuma machache, na kazi yaweza kufika miaka 2. Basi usiuze mbuzi wako kwa safari moja: waya usiofuatwa na munganga huharibu meno. Hilo laweza kungoja.

Lakini shavu likivimba pamoja na homa, ao mtoto akishindwa kufungua kinywa ao kumeza, musingoje. Mupeleke siku ile ile kwenye hospitali kuu ya Kasongo ao ya Kabambare. Usaha wa jino unaweza kuua.