Maji Nimeyavulia Nguo
Somo: Esta 4:10-17, Luka 15:11-24

Jumapili iliyopita baada ya ibada, ndugu mmoja aliniuliza kama "liwalo na liwe" na "maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga" si kitu kimoja. Nikamwambia hapana, na mimi ni shahidi.

Mwaka 2022, ukame ulipotumaliza hapa Kajiado na ng'ombe kufa hadi kando ya barabara ya Namanga, nilikuwa mweka hazina wa chama chetu kidogo. Bei ya nyasi ilikuwa juu. Nilichukua shilingi 84,000 za chama bila kuuliza mtu, nikanunua marobota ya nyasi niyauze baadaye. (Na digrii ya biashara ninayo!) Moyoni nikasema, liwalo na liwe. Machi 2023 mvua ikaja, malisho yakaota, marobota yangu yakaozea bandani.

Sasa mtazame Esta. Yeye pia alikubali hata kufa, lakini kwanza alifunga siku tatu, akaomba wengine wafunge naye, ndipo akaingia kwa mfalme akijua vizuri sheria inasema nini. Huko ni kupiga moyo konde. Mimi nilifumba macho tu, tena hasara yenyewe ingewaangukia wamama wa chama. Mchuma janga hula na wa kwao.

Na mwana mpotevu? Tunapenda kuhubiri pete na ndama aliyenona. Mimi hukwama pale kwa nguruwe, alipokuwa akipanga maneno ya kumwambia babake. Hakupanga kudai nafasi yake ya zamani. Alikuwa tayari kuwekwa pamoja na vibarua. Hapo ndipo alipoyavulia maji nguo, kabla hajapiga hata hatua moja.

Maneno yangu niliyapanga siku nne. Nilipoyasema, mama mmoja mzee alinisikiza mpaka mwisho, akasema, "Pole mwanangu, tumekusamehe. Sasa utalipa lini?" Kusema kweli, nilidhani nikisamehewa deni nalo limeisha. Wapi! Daftari la chama nilirudisha siku hiyo hiyo, tukakubaliana 3,000 kila mwezi. Mpaka leo, Jumapili ya pili ya mwezi, mweka hazina mpya hunisubiri hapo nje na kitabu cha risiti. Zimebaki 9,000.