Barabara ya mtaa ni ya nani?



Tukizungumza juu ya amani, tunafikiri juu ya silaha, mashamba na ukabila. Shimo la barabarani hatulihesabu. Lakini linaweza kugombanisha majirani, hasa pale ambapo wenyeji na familia zilizokimbia vita wanakaa pamoja.

Tuliyoyaona mtaani

Asubuhi moja ya msimu wa mvua tuliitwa haraka katika mtaa mmoja wa mji wa Butembo, Kivu ya Kaskazini. Tulikuta watu wameshika fimbo pande mbili za mtaro.

Maji yalikuwa yamekata barabara. Pikipiki zilikuwa hazipiti na chukudu za makaa zilikwama. Wenyeji walipeleka barua mara mbili kwenye ofisi moja, hawakujibiwa. Ndipo walipotoka wenyewe na majembe, mabeleshi na mawe. Kwa siku tatu waliziba mashimo na kuchimba mtaro mpya. Kazi ilipendeza.

Halafu vijana walifunga kamba barabarani, kila pikipiki ilipe franka 500. Kila nyumba ilitakiwa kutoa mtu wa salongo au kulipa. Familia zilizokimbia vita kusini mwa Lubero, zinazopanga vyumba upande wa bonde, zililipa pia. Lakini katika mkutano wa kupanga kazi hakuna aliyeziita. Mvua kubwa iliponyesha usiku, mtaro ulishusha maji yote ndani ya vyumba vyao. Kulipokucha, wengine walisema wamemwagiwa maji makusudi. Wengine walijibu kwamba wageni warudi kwao.

Mzee mmoja wa mtaa alituuliza: wasipotengeneza wenyewe, wangoje hadi lini? Mama mmoja mkimbizi alisema yeye hakatai kazi, ila hakuulizwa maji yaende wapi. Wote wawili walikuwa na haki.

Sheria inasema nini?

Kujitegemea si jambo geni kwetu. Wakati wa vita vya 1998 hadi 2003, wafanyabiashara na raia wa Butembo walichanga pesa kutengeneza barabara, kwa kuwa serikali ilikuwa mbali. Na salongo tunaijua tangu utawala wa Mobutu. Hata hivyo, kila raia na kiongozi afahamu mambo haya:

1. Katiba ya 18 Februari 2006 inazipa miji, komini, sekta na shefferi uhuru wa kusimamia mali na kazi zao. Kartiye na avenyu hazimo. Ni matawi ya utawala tu.

2. Kutunza barabara za komini ni kazi ya komini, kwa sheria ya Oktoba 2008. Kwa barabara za mijini na mifereji yake, kuna pia Office des Voiries et Drainage, iliyoundwa mwaka 1987. Barabara kuu za taifa ziko chini ya Office des Routes.

3. Mwaka 2008 serikali iliunda mfuko wa kutunza barabara, FONER. Sehemu ya pesa zake inakatwa kwenye mafuta ya magari na pikipiki. Kwa hiyo mwenye pikipiki anayesimamishwa kwenye kamba amekwisha kuchangia barabara aliponunua mafuta.

4. Katiba inasema kodi haiwekwi ila kwa sheria. Inasema pia kwamba mtu halazimishwi kufanya kazi. Mchango wa hiari ni mwema. Kamba barabarani ni kodi isiyo na sheria.

Ni kweli kwamba serikali mara nyingi inachelewa. Tena, uchaguzi wa madiwani wa komini wa Desemba 2023 ulifanyika katika miji mikuu ya majimbo tu, na Butembo haikuwamo. Raia wa hapa hawakuwa na diwani wa kumuuliza. Ndiyo maana barua, mkutano na kamati vina maana kubwa.

Tunajifunza nini?

Mtu wa mtaa anajua shimo liko wapi na linaumiza nani. Lakini maji hayaishii kwenye mpaka wa mtaa. Anayechimba mtaro juu ya kilima anaamua habari za nyumba ya chini. Hapo ndipo kanuni za serikali zinapohitajika: mtu anayetazama kilima chote aseme maji yapite wapi. Kanuni bila mikono haizibi shimo, na mikono bila kanuni inaweza kumhamishia jirani tatizo.

Katika mtaa ule, kamba iliondolewa. Fundi wa serikali aliletwa kutazama, akaonyesha mfereji wa zamani uliozibwa na takataka. Wenyeji na wakimbizi waliufukua pamoja, wakageuza mtaro. Kamati mpya ina watu wa juu na wa bondeni, wanawake wawili wakimbizi wakiwa ndani, na daftari la pesa linasomwa mbele ya watu wote. Makubaliano yaliandikwa na nakala ikabaki kwenye komini. Barabara bado si nzuri, lakini fimbo zimewekwa chini.

Viongozi wakumbuke tena Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 juu ya wakimbizi wa ndani: nao wana haki ya kushiriki sawasawa katika mambo ya jamii wanamoishi. Anayeitwa kufanya kazi aitwe pia kutoa shauri.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

– Katika mtaa wetu, maji ya barabara yanaishia kwa nani?
– Nani anashika pesa za michango, na nani anaziona zikihesabiwa?
– Tulipopanga salongo iliyopita, nani hakuitwa?
– Je, komini ina nakala ya mpango wetu?

Kabla ya kushika jembe salongo ijayo, tembeeni pamoja kutoka juu hadi bondeni, mkiufuata mkondo wa maji. Bisheni hodi kwenye nyumba ya mwisho.