Simu Iliyotumika Katika Masoko ya Mpakani: Somo la Tarakimu 15

Miongoni mwa rai zinazosikika mara kwa mara katika masoko ya Busia, Namanga, Sirari na Mutukula, ipo isemayo kwamba simu ikishavuka mpaka, habari zake za nyuma zimekatika. Mnunuzi hutia laini mpya, fundi hufuta kila kilichomo, na chombo huhesabiwa kuwa kipya. Rai hii ina chembe ya ukweli, na ndiyo maana imedumu. Hata hivyo imewafikisha mbele ya meza ya mpelelezi watu ambao hawajapata kuiba kitu maishani mwao. Somo la toleo hili linawahusu hao: mtu mwenye fedha zake halali, anayetaka simu nzuri kwa bei anayoimudu.

Tuanze na namba. Kila simu hupewa kiwandani namba ya utambulisho yenye tarakimu 15, ijulikanayo kwa herufi IMEI. Ukibonyeza *#06# namba hiyo hujitokeza kwenye kioo, bila salio wala intaneti. Simu ya laini mbili kwa kawaida huwa na namba mbili. Tarakimu 8 za mwanzo hueleza aina ya simu, 6 zinazofuata huitofautisha na wenzake wa aina hiyo, na ya 15 ni tarakimu ya ukaguzi. Kubadilisha laini hakuigusi namba hii, na kufuta picha na majina hakuigusi pia. Simu inapojiunga na mtandao, mtandao huisoma namba ya chombo pamoja na namba ya laini, na laini katika nchi zetu husajiliwa kwa jina la mtu. Maana yake ni kwamba siku ile mnunuzi anapotia laini yake katika simu ya wizi, jina lake limeandikwa kando ya namba ya chombo kinachotafutwa. Mwizi mwenyewe huenda hakuwahi kuiwasha.

Basi ile chembe ya ukweli iko wapi? Iko katika orodha za simu zilizofungiwa. Kampuni ya simu inaweza kukizuia chombo kilichoripotiwa kuibwa kisitumike kwenye mtandao wake, na nchi inaweza kuziagiza kampuni zake zote zifanye hivyo. Ipo pia orodha ya kimataifa inayotunzwa na GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, lakini si kila kampuni imejiunga nayo. Kwa hiyo simu iliyofungiwa upande mmoja wa mpaka yaweza kuita vizuri kabisa hatua mia mbili mbele. Wezi wanalijua hilo kuliko wanunuzi, na ndiyo sababu bidhaa hii huletwa mpakani. Mnunuzi anayesema “niliijaribu, ikapiga” amethibitisha kwamba simu ni nzima, basi. Kuhusu mwenyewe halali, hajathibitisha neno.

Upelelezi nao haukomi kwenye kizuizi cha barabara. Shirikisho la wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki, EAPCCO, lilianzishwa mwaka 1998, na sekretarieti yake iko Nairobi katika ofisi ya kanda ya Interpol. Kwa njia hizo, jeshi la polisi la nchi moja huweza kuomba taarifa kutoka nchi jirani.

Wasomaji wenye umri watakumbuka kwamba Kenya ilizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012, na Tanzania ikafanya hivyo Juni 2016. Tangu hapo watu wengi huchanganya simu bandia na simu ya wizi. Ni mambo mawili. Bandia ni simu ambayo namba yake haikutolewa kihalali kwa aina hiyo. Ya wizi yaweza kuwa simu halisi, ya bei ghali, yenye namba safi. Huduma ya kutuma IMEI kwa ujumbe mfupi, kwenda 15090 nchini Tanzania au 1555 nchini Kenya, iliwekwa kwa ajili ya lile la kwanza: jibu hukutajia aina ya simu, nawe unailinganisha na uliyoshika mkononi. Jibu likitaja aina nyingine, rudisha simu kwa muuzaji. Likitaja aina ileile, bado hujaambiwa ni ya nani.

Palipo na shaka kwamba namba imechezewa, ipo hesabu ambayo hata mwanafunzi wa darasa la tano anaiweza. Chukua namba inayotumiwa sana katika mafunzo, 490154203237518. Weka kando ya mwisho, 8. Katika 14 zilizobaki, zidisha kwa 2 kila tarakimu iliyo katika nafasi ya pili, ya nne, ya sita na kuendelea; jibu likiwa na tarakimu mbili, zijumlishe ziwe moja, yaani 18 huwa 9 na 14 huwa 5. Utapata 9, 2, 8, 0, 4, 5 na 2, jumla 30. Tarakimu za nafasi ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea huachwa zilivyo: 4, 0, 5, 2, 3, 3 na 5, jumla 22. Pamoja ni 52. Kinachohitajika ili kufika 60 ni 8, na ndiyo tarakimu ya mwisho. Namba isiyokubali hesabu hii ama imenakiliwa vibaya ama imetungwa. Inayokubali yaweza bado kuwa imenakiliwa kutoka simu nyingine, kwa hiyo linganisha pia kioo, boksi na risiti. Kubadilisha namba hiyo ni kosa katika sheria za Kenya na za Tanzania, na fundi anayejigamba kwamba anaiweza kazi hiyo anajigamba kwa uhalifu.

Sasa sheria ya mnunuzi. Sheria za nchi zetu haziulizi tu kama ulijua mali ni ya wizi. Zinauliza pia kama ulikuwa na sababu ya kuamini hivyo. Hapo ndipo wengi hunaswa. Simu ya thamani inayouzwa kwa robo ya bei, bila chaja wala boksi, na muuzaji asiyejua neno la siri la kuifungua: hakimu akielezwa hayo atauliza ulifikiri nini. Nchini Kenya, kosa la kushughulika na mali ya wizi lina adhabu inayoweza kufika miaka 14. Na hata ukionekana huna hatia, simu hurudi kwa mwenyewe, kwa maana muuzaji hawezi kukupa umiliki ambao yeye hakuwa nao. Fedha zako utamdai aliyekuuzia, kama utampata.

Yapo makufuli mawili ya kuchunguza kabla ya kulipa. La kwanza ni la akaunti. Mwambie muuzaji aiondoe akaunti yake mbele yako, kisha airudishe simu katika hali ya kiwandani na kuiwasha. Ikidai akaunti ya mtu aliyetangulia, usilipe. La pili ni la mkopo, na ndilo linaloongezeka mpakani. Simu nyingi siku hizi huuzwa kwa malipo ya kidogo kidogo, na hujifunga zenyewe malipo yakikatika. Mwenye deni huivusha upande wa pili, huiuza ikiwa wazi, na baada ya siku chache mnunuzi huamka na kukuta kioo kimefungwa. Fungua mipangilio, tazama kama kuna programu ya msimamizi wa chombo isiyoondoleka.

Televisheni na majokofu nayo yana namba za kiwandani, kwa kawaida kwenye kibandiko cha nyuma. Kibandiko kilichokwaruzwa kwa makusudi ni sababu ya kutosha ya kuondoka. Na kwa wale wanaodhani kila mzigo usiozidi dola 2,000 hupita bila ushuru: cheti kile chepesi cha asili ya bidhaa ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Mkikubaliana, andikianeni: majina kamili, namba za vitambulisho, IMEI, bei na sarafu yake, tarehe, na shahidi mmoja anayefahamika sokoni. Muuzaji anayekataa kuandika jina lake amekwisha kujibu swali lako. Aliyeibiwa naye aripoti kwanza katika nchi ambako wizi ulitokea, akiwa na IMEI na risiti. Namba ya taarifa, ambayo Tanzania huitwa RB, Kenya OB na Uganda SD, ndiyo atakayoionyesha kituo cha upande wa pili.

Zoezi: muuzaji amekuandikia namba 490154203237581 kwenye kipande cha karatasi. Fanya hesabu kama tulivyoonyesha. Ukipata jumla ya 57, umekokotoa sawasawa, na tarakimu ya mwisho ingepasa kuwa 3. Mwombe abonyeze *#06# ukiwa unatazama.