Kaa kando, nyamaza, utazame

Siku hizi huduma nyingi za serikali na za mashirika zinapitia kwenye simu. Lakini je, mtu wa kawaida anaweza kuitumia programu hiyo peke yake? Katika somo hili tunaeleza namna tulivyopima programu moja ya kupokea malalamiko huku Bangboka, Kisangani.

Kwa nini jambo hili linahusu amani?

Mwaka 2023 mapigano kati ya Wambole na Walengola yalianza Lubunga, ng'ambo ya mto, na watu wengi walikimbia makwao. Mtu asiyeweza kufikisha malalamiko yake kwa njia ya haki atayapeleka kwingine.

Tukumbuke mfano wa Kenya. Ushahidi ilipoanzishwa Januari 2008, wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi, ilipokea habari kwa intaneti na pia kwa ujumbe mfupi. Hata mwenye simu ndogo alipata mlango wa kuingilia.

Namna ya kupima

1. Chagua watu wachache. Mwaka 2000 mtaalamu Jakob Nielsen aliandika kwamba watu 5 wanatosha kuonyesha sehemu kubwa ya matatizo. Makundi yakitofautiana, pima kila kundi. Kwetu, maana yake ni watu wa pande zote mbili, wanawake kwa wanaume.
2. Toa kazi moja, bila maelezo. Kwa mfano: "Daraja la mtaa wenu limevunjika. Pelekea ofisi habari."
3. Kaa kando, nyamaza. Ukimsaidia, hutajua kitu.
4. Andika kila mahali kidole kinaposimama. Kisha uliza kwa upole: "Hapa ulikuwa unawaza nini?"
5. Rekebisha, halafu upime tena.

Tuliyoyaona

Mama mmoja muuza pondu alijaza kila kitu, akafika kwenye kitufe cha mwisho, akaacha. Kiliandikwa "Soumettre". Kwa Kifaransa neno hilo ni kupeleka, lakini pia ni kumtiisha mtu. Alituuliza: "Wanataka nimtii nani?"

Kijana mmoja wa toleka alisimama kwenye swali la kijiji cha asili. Tulidhani hajui kusoma. Tulikosea. Anasoma vizuri, ila jina la kijiji linaonyesha kabila lake, naye hakujua nani atalisoma.

Hapo tulijifunza jambo kubwa: mtu akisimama, si lazima awe hajui. Huenda anaogopa. Kosa ni la programu, si la mtu.

Tuliwaandikia wenye programu. Kitufe sasa kinasema "Tuma". Swali la kijiji bado lipo, lakini mtu anaweza kuliruka. Tuliomba pia waeleze wazi nani anasoma majibu, na wamuache mtu ofisini wa kupokea malalamiko kwa mdomo, kwa ajili ya wasio na simu. Jibu la maombi hayo mawili bado tunalingoja.

Maswali ya kujadiliana

- Katika mtaa wenu, nani hawezi kutumia huduma za simu, na kwa nini?
- Ni swali gani kwenye fomu zetu wenyewe linaloweza kumtia mtu hatarini?
- Tunahitaji jibu lake kweli?